Wasomaji Wauliza: Mume Asiyesema na Mke Asiyethubutu Kuuliza

Katika toleo lililopita safu hii ilizungumzia riwaya nyepesi za Kijapani zinazosimulia ndoa za kupangwa katika nchi za kufikirika, zile ambazo binti wa ukoo ulioanguka huozwa kwa bwana wa kutisha mwenye nguvu za ajabu, na wawili hao wakajifunza kupendana wakiwa tayari wamo ndani ya nyumba moja. Niliwauliza wasomaji swali moja tu: watu hawa wanazungumzaje? Barua zilizofika kutoka Mtwara na Lindi ni nyingi kuliko nafasi niliyo nayo, nami nimechagua tano. Nimezifupisha, na yanayoweza kumtambulisha mwandishi nimeyaondoa.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Mikindani. Nimeposwa na kijana wa Newala ambaye familia yake na yangu zinafahamiana, mahari imekubaliwa, na nikaha itafungwa baada ya msimu wa korosho. Tangu posa amenipigia simu mara chache, na kila mara ni salamu, hali za wazazi, kisha kwaheri. Nimesoma riwaya nyingi za aina uliyoitaja. Humo mume huwa mkimya na mkali mwanzoni, lakini mke akivumilia huja kugundua kwamba moyo wake ulikuwa mwema tangu siku ya kwanza. Je, na mimi nivumilie nikitumaini mema, au ninajidanganya?

Marahaba mwanangu, na hongera kwa posa. Nianze na riwaya zenyewe, kwa sababu ndizo zilizokupa tumaini, na ni haki yako kujua tumaini hilo limetengenezwa vipi. Katika nyingi kati ya hadithi hizi msimulizi habaki kwa mke peke yake. Baada ya sura mbili tatu zinazosimuliwa kwa macho ya binti, mwandishi hufungua sura fupi kwa macho ya mume, na humo tunamkuta yule bwana mkali akikosa usingizi kwa kujilaumu kwamba amemjibu mkewe vibaya, au akiwauliza watumishi kwa siri kama mkewe amekula. Msomaji akishaisoma sura hiyo hana wasiwasi tena, na kila ukali unaofuata anausamehe kwa kuwa anajua kilichoko nyuma yake. Lakini mke aliyemo ndani ya hadithi hajaisoma. Yeye bado amejilaza chumbani akihesabu makosa yake. Na wewe, mwanangu, umekuwa msomaji katika kitabu na ni mke katika maisha. Ile sura ya upande wa pili hutafunguliwa na mtu mpaka mchumba wako aifungue kwa kinywa chake, au wewe umwombe aifungue.

Chukua riwaya inayojulikana sana katika kundi hili, *Watashi no Shiawase na Kekkon* ya Akumi Agitogi, yaani "Ndoa Yangu Yenye Furaha", ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2019 na mfululizo wake wa katuni ukaonyeshwa mwaka 2023. Miyo Saimori, aliyelelewa kama mtumishi chini ya mama wa kambo, anapelekwa kuolewa na Kiyoka Kudo, kamanda anayevumishwa kuwa katili. Miyo anaamka mapema kumwandalia chakula cha asubuhi. Kiyoka anamtaka aonje kwanza. Miyo anasita, kwa maana hakuzoea kutangulia kula mbele ya mkubwa wake, na Kiyoka anauona kule kusita kuwa dalili ya sumu, anaondoka bila kula. Kosa lenyewe ni dogo, tena ni la kweli kabisa: mmoja alikuwa akionyesha heshima, mwingine akaona hila, na sahani ni ileile. Miyo angeweza kuvumilia mwaka mzima bila jambo hilo kunyooka. Lilinyooka kwa kuwa Yurie, mtumishi mzee wa nyumba ile, alimtetea, na kwa kuwa Kiyoka mwenyewe hakuliacha jambo lipite. Alikuja kukila chakula cha Miyo na kukisifu, na msichana akatokwa na machozi kwa kusikia sifa ambayo kwao hakuizoea.

Naomba tukae hapo kidogo. Katika ndoa ya kupangwa wawili hawaanzi wakiwa sawa. Miyo hana pa kurudi, ilhali Kiyoka ana nyumba, cheo na jina. Mtu asiye na pa kurudi hawezi kuwa wa kwanza kusema "umenidhulumu", kwa hiyo mlango wa mazungumzo ni lazima ufunguliwe na yule ambaye hatapoteza kitu akiufungua. Ndiyo maana ninaposoma riwaya hizi kipimo changu ni kimoja: je, mnyonge wa nyumba hiyo anaweza kusema hapana, na kesho yake akaamka salama, akala chungu kilekile na kuitwa kwa jina lilelile? Ikiwa anaweza, maneno matamu hata yakichelewa mpaka juzuu ya tatu si neno. Ikiwa hawezi, maneno hayo hata yakija ukurasa wa kumi hayana uzito, kwa sababu anayeyapokea hana hiari ya kuyakataa.

Sasa nije kwako. Unacho ambacho Miyo hakuwa nacho: bado uko kwenu, una wazazi, una mshenga, na ndoa haijafungwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya mwanamume na mwanamke pia. Na kwa kuwa umesema ni nikaha, bila shaka umesikia mafundisho kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Wapo walioyafanya mafundisho hayo kuwa ruhusa ya kutomsikiliza binti. Lakini ukiyatazama kwa utulivu utaona kwamba yanaanza na wajibu wa kumtaka idhini, na ukimya umekubaliwa kuwa jibu kwa sababu swali limekwisha kuulizwa na aliyeulizwa anaona haya. Ukimya wa mtu ambaye hajaulizwa haumjibu yeyote.

Kwa hiyo mpigie wewe, au kama desturi ya kwenu haikuruhusu, mtumie shangazi yako au mshenga. Usimwulize kama anakupenda, kwa sababu swali hilo, kwa mtu aliyekuona mara mbili, litamlazimisha kusema uongo wa heshima. Mwulize mambo yenye mipaka: mtaishi kwa wazazi wake au kwenye nyumba yenu wenyewe, shughuli unayoifanya sasa utaendelea nayo, yeye akikasirika hufanya nini, na angependa mwenzake afanye nini wakati huo. Mtu mkimya kwa tabia atakujibu kwa maneno machache, lakini atakujibu. Kisha, siku atakapopendekeza jambo dogo usiloliafiki, liwe siku ya wageni kuja au rangi ya nguo za harusi, mwambie huliafiki na umpe sababu, halafu usikilize. Akiuliza, akajadili, hata akinung'unika kidogo, umepata mtu wa kuzungumza naye. Akitishia kuvunja uchumba kwa ajili ya rangi ya nguo, basi ile sura yake umekwisha kuisoma, na umeisoma mapema.

Mwalimu, binti yangu wa kidato cha tano hukesha akisoma vitabu hivi. Wajapani bado wanawaoza mabinti kwa nguvu namna hii? Na kwa nini ziitwe riwaya nyepesi wakati mambo yaliyomo ni mazito? Mama, Nachingwea.

Mama mwenzangu, wepesi ni wa umbo. Wajapani wenyewe huziita *raito noberu*. Ni vitabu vidogo vya kuingia mfukoni, vyenye picha chache zilizochorwa kwa mtindo wa manga, yaani katuni za Kijapani, aya fupi na mazungumzo mengi, vilivyokusudiwa hasa vijana. Nyingi huanzia kwenye intaneti, ambako mwandishi huweka sura moja moja, hasa kwenye tovuti ya Shōsetsuka ni Narō iliyofunguliwa mwaka 2004, na zikipendwa mchapishaji huzifanya kitabu.

Kuhusu ndoa, Wajapani wana desturi ya *omiai*, ambapo mshenga huwakutanisha wawili na familia zao. Katika miaka ya 1930 ndoa kama saba kati ya kumi zilipatikana kwa njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zile za watu waliochaguana wenyewe zikazidi, na leo ndoa za omiai ni chache sana. Waandishi wa riwaya hizi basi wanaiandika desturi ya nyakati za bibi zao, wakiivika majini, laana na majumba ya kifalme.

Ningekuwa wewe nisingemnyang'anya kitabu. Sisi tumekulia *Utendi wa Mwana Kupona*, wa mwaka 1858, ambao mama wa Pate alimwachia binti yake kwa mapenzi makubwa, na bado ninaustahi. Lakini wosia ule unamfunda mke peke yake, na mume hapangiwi somo lolote. Katika riwaya hizi, pamoja na udhaifu wake, mume naye anafundwa. Mwulize binti yako jioni moja, mkiwa jikoni, mume wa hadithi aliyofikia alikosea wapi na alipaswa kusema nini. Utajifunza mengi juu ya anachokitarajia, tena bila kumhoji juu yake mwenyewe.

Mwalimu, mimi ni kijana wa Lindi mjini, ninaandika hadithi ndefu ya Kiswahili na kuwatumia wasomaji sura moja kila Ijumaa kwenye simu. Binti wa nahodha wa Mikindani anaozwa kwa mlinzi wa mifupa mikubwa ya dinosaria ya kilima cha Tendaguru, mtu anayeweza kuzungumza na viumbe waliokufa zamani. Kwa kuwa ninachukia hadithi ambazo mume na mke wanateseka juzuu tano kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza, nimewafanya hawa wawili waelezane kila kitu. Sasa wasomaji wanalalamika kwamba hadithi imepoa. Niwanyamazishe wahusika wangu?

Usiwanyamazishe, mwanangu. Nimezisoma sura mbili ulizoniletea, na wazo lako limenifurahisha kuliko nilivyoweza kulificha. Wasomaji wako wamehisi jambo la kweli, lakini sababu waliyoitaja siyo.

Ninakuunga mkono katika kuchukia ukimya wa bandia. Hadithi inayotoka sura kwa sura humshawishi mwandishi kuwatenganisha wapenzi ili msomaji arudi wiki ijayo, na njia ya mkato ni kumfanya mke amwone mume akiongea na mwanamke mwingine uani, kisha asiulize. Mara ya kwanza tunamhurumia. Mara ya tatu tunamkasirikia, na mara ya tano tunamkasirikia mwandishi. Hiyo ni taharuki inayokaa juu ya jambo lisilokuwepo. Ukilitaja linayeyuka, na msomaji anabaki amedanganywa.

Taharuki nyingine, ile iliyo imara, huanza baada ya watu kuelewana. Nawe unayo mikononi na hujaitumia. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na wapagazi wakaibeba mifupa ile kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, ikasafirishwa hadi Berlin ambako mingine imesimamishwa hadi leo. Mlinzi wako basi ni mlinzi wa ghala lililoporwa. Je, kama baba wa binti, yule nahodha, alikuwa miongoni mwa waliochukua ujira wa kuisafirisha? Binti analijua jambo hilo. Akimficha mumewe, utakuwa umerudi kwenye ukimya wa bandia. Mfanye amwambie, katika sura ya nne, waziwazi, akiwa ameketi mbele yake. Kuanzia hapo hawana cha kutoelewana: mume anaelewa, mke anaelewa, na jambo bado liko pale pale, zito kama lilivyokuwa. Atamtazamaje mkwewe siku ya Idi? Mke atasimama upande gani wafu wa Tendaguru wakidai haki yao? Ukweli uliosemwa umewasha moto ambao ukimya usingeweza kuuwasha.

Jambo la pili ni kiapo. Umeandika kwamba mizimu imemfunga mlinzi asitaje anakokwenda mwezi unapoandama, na katika sura yako anampa mke kisingizio cha safari. Laana ya kutosema hutumika sana katika riwaya hizi, na waandishi wengi huitumia kama kufuli. Mimi naona kwamba mtu aliyefungwa kusema jambo fulani bado yuko huru kusema kwamba amefungwa. Jaribu hivi:

"Kila mwezi ukiandama unatoka usiku," mke alisema, "na ukirudi hunitazami usoni. Nimefikiri sababu tatu, na zote zinaniumiza. Niambie ni ipi."

"Hakuna hata moja. Nimekula kiapo nisitaje ninakokwenda. Ninachoweza kukuambia ni kwamba siendi kwa mwanamke, kwamba wewe huna kosa, na kwamba nikirudi ninaona aibu kwa ninayoyafanya huko."

"Kiapo ulikula kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Basi mwezi ujao nitakuuliza tena, na unaofuata pia. Usinikasirikie."

"Uliza."

Siri imebaki siri, na msomaji ana hamu kubwa zaidi ya kuijua, kwa sababu sasa anajua kuna aibu ndani yake. Lakini mke hayuko tena gizani kuhusu nafasi yake mwenyewe. Amepewa mpaka wa kile asichokijua, na mtu aliyepewa mpaka anaweza kulala.

Sasa nikuambie kinachozipoza sura zako. Watu wako wanazungumza kama washauri nasaha. Mume anasema, "Ninatambua kwamba maneno yangu ya jana yameumiza hisia zako, na ninaomba radhi," naye mke anajibu kwa sentensi yenye urefu uleule. Hakuna nyumba, si Lindi wala Kyoto, ambamo watu waliofahamiana wiki mbili huzungumza hivyo. Watu huanza kwa ndoo. Mke anauliza kwa nini ndoo imeachwa juani, mume anajibu kwamba ndoo ni yake, kisha wote wawili wanagundua kwamba hakuna aliyekuwa akizungumzia ndoo. Waache wakosee mlango mara mbili ndipo waingie. Uwazi wao utakuwa na jasho, na msomaji ataupokea kama kitu kilichopatikana kwa kazi.

Na moja la mwisho, ambalo ni pendekezo tu. Katika riwaya za Kijapani binti hupelekwa peke yake kwenye jumba la mume, mbali na watu wake, na karibu kila ugumu wa kuzungumza unaanzia hapo. Kwa desturi za zamani za Wayao na Wamakonde, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mume ndiye aliyehamia kwa watu wa mke, na neno kubwa lilikuwa la mjomba. Mhamishe mlinzi wako Mikindani kwa msimu mmoja. Awe yeye mgeni, asiyejua nani anakaa wapi barazani, anayeogopa kuomba maji usiku. Tuone kama bado atasema kwa ufasaha, na tuone kama mke, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, atakumbuka kumfungulia mlango.

Mwalimu, katika riwaya nyingine mume humwambia mke siku ya kwanza: "Hii ni ndoa ya mkataba, usitarajie nikupende." Wengi wanamlaani. Mimi namwona ni mkweli. Wewe unasemaje? Msomaji, Kilwa Masoko.

Ukweli wake ninaukubali. Heri hilo kuliko ahadi hewa. Ila tazama kalamu imeshikwa na nani. Masharti ya ndoa ni jambo jema, na hata katika nikaha wawili wanaweza kuwekeana masharti, lakini bwana huyu wa riwaya ameingia chumbani na karatasi iliyokwisha kuandikwa, akaisoma, akatoka. Hadithi inayonipendeza ni ile ambayo mke anasema, "Nimekusikia. Na mimi nina yangu matatu," naye bwana anarudi kuketi.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 29, ni mkulima wa Tandahimba. Wazazi walinitafutia mke, tukaoana mwaka jana. Baada ya mauzo ya korosho nilimnunulia doti tatu za kanga na simu. Alishukuru vizuri. Tangu wiki mbili zilizopita kila jioni anavaa kanga moja tu, iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Nikimwuliza kama kuna tatizo anasema hakuna. Yeye ni msomaji wa riwaya hizi, na aliwahi kunisimulia jinsi mume wa humo anavyomletea mkewe zawadi, mke akalia kwa furaha. Mimi nimeleta zawadi. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Kwanza nakupongeza kwa kuisoma kanga. Wanaume wengi huona rangi tu.

Mkeo hajanyamaza. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake, na kwa zaidi ya miaka mia moja wanawake wa pwani wamelitumia jina hilo kusema ambayo kinywa hakikupewa nafasi ya kuyasema. Ni lugha yenye heshima, nami siidharau hata kidogo. Ina faida moja kubwa kwa mnyonge: aliyeivaa anaweza kukana. Ukimkasirikia atasema ni nguo tu, na hutakuwa na la kumjibu. Kwa hiyo unapoona mtu wa nyumbani kwako ameamua kutumia lugha inayoweza kukanwa, jua kwamba bado hajaamini kwamba ile isiyoweza kukanwa ni salama mbele yako.

Kuhusu zawadi, turudi kwa Miyo na Kiyoka niliowataja hapo juu, ambao huenda ndio mkeo aliokusimulia. Ni kweli kwamba wanapeana vitu. Miyo naye anamsukia mumewe mtarajiwa utepe wa kufungia nywele kwa mikono yake. Lakini muda huo wote Miyo anabeba hofu moja ambayo hakuna zawadi inayoigusa: amezaliwa katika ukoo wenye vipawa vya ajabu na yeye anajiona hana kipawa, na anaamini siku Kiyoka akijua atamrudisha kwao. Vitu vilimwonyesha kwamba anajaliwa. Havikumwambia kwamba hatafukuzwa. Hofu hiyo ilihitaji kusemwa na Miyo mwenyewe, kwa mdomo, na ilihitaji jibu kwa mdomo pia, na Kiyoka hakumfukuza. Mkeo ameshukuru kwa kanga na simu kwa kuwa ni mtu wa adabu, na bado kuna kitu "hapati". Sikijui, na usikubali rafiki zako wakukisie. Kinaweza kuwa kutembelea kwao, kinaweza kuwa kauli ya mama yako, kinaweza kuwa pesa za korosho, ambazo aliokota naye na kubangua naye lakini hesabu yake hajawahi kuionyeshwa.

Jioni ya leo usimwulize kama kuna tatizo, kwa sababu swali hilo lina jibu moja tu, na umekwisha kulipata mara nyingi. Yasome maneno yale kwa sauti, kisha umwambie: "Nimeyasoma maneno ya kanga yako. Nadhani yananihusu. Ningependa kuyasikia kutoka kwako, na lolote utakalosema halitatoka humu ndani kwenda kwa mama wala kwa mshenga." Sehemu hiyo ya mwisho usiiache. Mke aliyeletwa na familia anajua kwamba kila neno lake lina miguu, na kwamba likifika kwa wakwe litamrudia likiwa limekua. Wewe ndiye mwenye shamba, wewe ndiye mtoto wa nyumba ile, kwa hiyo ahadi hiyo ni wewe tu unayeweza kuitoa, nawe ukiitoa uitunze hata ukiulizwa na mzazi.

Kama hatajibu leo, usimjaze maneno. Kaa naye barazani mpaka chai iishe, na kesho mletee karatasi za malipo ya chama cha msingi mzisome pamoja, bila hotuba. Na siku atakapojibu usimkatize, hata kama la kwanza atakalolitaja linamhusu mama yako.